Hombolo, Mtera au Singidani? Pa kutazama ndege kiangazi kikielekea ukingoni

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, hapa Dodoma, nilimharibia jirani yangu Jumamosi yake. Wanawe wawili walikuwa wameletewa darubini na mjomba wao, na wiki nzima hakuna kunguru wala njiwa aliyekatiza uani bila kuchunguzwa. Ijumaa jioni baba yao akanisimamisha getini: "Jirani, wewe si ndiyo mtu wa ndege? Kesho niwapeleke wapi hawa?" Nilikuwa na haraka zangu, nikamjibu neno moja: Mtera. Ni bwawa kubwa, kila mtu analijua, na ukilitaja huonekani mjinga.

Wakaondoka saa 2 baada ya chai. Walipofika ilishapita saa 4, jua limepanda, upepo unavuma, maji yamerudi mbali na barabara, na ndege wote ni vidoa vyeusi vinavyochezacheza kwenye mvuke wa joto. Mtoto mdogo akalala garini. Jioni nilipomuuliza jirani safari ilikuwaje, hakunilaumu. Alisema tu, "Samaki wa kukaanga walikuwa wazuri."

Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa Ijumaa ile. Ni marefu kidogo kwa sababu swali lenyewe si moja. Mtu mwenye watoto na asubuhi moja, mtu mwenye pikipiki na siku mbili, na mtu anayetaka kumwona heroe, yaani flamingo, kabla yeye mwenyewe hajafa, hawawezi kutumwa mahali pamoja.

Kwanza, kwa nini sasa

Dodoma mvua hukatika Aprili, na hatuzioni tena mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 570 hivi, na jua peke yake lina uwezo wa kuvuta maji mara kadhaa ya hizo. Kwa hiyo kuanzia Agosti kila bwawa linanywea. Mwenye ng'ombe analia, mwenye mboga analia. Mtazama ndege anafurahi, kidogo kwa aibu, kwa kuwa maji yanayorudi nyuma yanaacha ukanda wa tope laini, na kwenye tope hilo wamo wadudu, minyoo na konokono wanaotafutwa na ndege walioruka kutoka mbali sana.

Mbali kwa maana ya Skandinavia, Urusi, Siberia. Huko majira ya joto yanaisha wakati kiangazi chetu kinazidi kukaza. Vitwitwi, wale ndege wa kando ya maji wanaochokoa tope, waliotaga huko Juni wanaanza kushuka. Wazazi hutangulia, na vifaranga wao, ambao wamekwisha kujitegemea, hufuata wiki kadhaa baadaye katika safari ya kwanza ya maisha yao, bila mtu mzima wa kuwaonyesha njia. Ndiyo maana Agosti na Oktoba hazifanani hata ukikaa kwenye jiwe lilelile. Agosti ukimwona kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, na tumboni ana mabaka mekundu ya rangi ya tofali, huyo ni mzazi ambaye hajamaliza kuvua nguo za harusi. Oktoba karibu wote ni kijivu juu na weupe chini, na wanaoanza kujifunza hukata tamaa. Mwenye macho mapya aende mapema.

Mbayuwayu wa Ulaya na keremkerem wanaingia Septemba na Oktoba. Kozi wadogo wanaotoka mashariki ya mbali ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi husubiriwa mpaka mvua zianze, kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa utawaona Septemba.

Jambo moja linatokana na hayo yote, na ndilo ninalotumia kupima kila mahali hapa chini: kitwitwi hana haja na ukubwa wa bwawa. Anaishi kwenye ukingo, mahali ambapo maji yanamfika kwenye vifundo. Bwawa dogo ambalo ukingo wake unaufikia kwa miguu, jua likiwa mgongoni, linalishinda ziwa zima ambalo ukingo wake uko kilomita moja mbele yako.

Hombolo na Mtera, ana kwa ana

Hombolo iko kama kilomita 40 kutoka mjini, upande wa kaskazini mashariki. Unashika barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, halafu unakata kushoto. Bwawa lilijengwa 1957, na linapata maji yake kutoka kwenye mkono wa mto Kinyasungwe. Ni la zamani, lina mchanga mwingi chini, na maji yake yana chumvichumvi kwa sababu kila mwaka jua linachukua maji na kuacha chumvi. Mkulima wa bustani hapendi kusikia hivyo. Kwa ndege ni habari njema: kingo zake ni tambarare, na maji yakishuka kidogo tu, tope linajitokeza kwa upana.

Mtera iko kama kilomita 125 kusini, kwenye barabara ya Iringa. Lilijengwa kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu iliyoko chini yake. Lilikamilika 1980, na baadaye likapata mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Kina kinachotakiwa likiwa limejaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kikishuka hadi 690 mitambo inabidi isimame. Kwenye karatasi hizo ni mita nane na nusu tu. Lakini bonde lenyewe ni pana na la kina kifupi, kwa hiyo kila mita inayoshuka inavuta ufukwe mbali, mbali kweli. Ndicho kilichompata jirani. Mwezi wa Mei ungesimama karibu na barabara ukamhesabia furukombe, yule tai mla samaki, manyoya. Agosti unahitaji darubini ya miguu mitatu, au miguu yako mwenyewe na moyo wa kutembea kwenye tope usilolijua.

Nikiulizwa ni wapi kuna ndege wengi zaidi, sisiti: Mtera. Lile pori lililozamishwa bwawa lilipojaa liliacha miti mikavu iliyosimama majini mpaka leo, na kila mti una mpangaji wake. Minandi wanaanika mabawa juu, yangeyange matawi ya kati, mdiria chini kabisa karibu na maji. Furukombe ndiye mwenye nyumba, na asubuhi mlio wake unasikika kabla hujazima injini. Mwari huja kwa makundi na kuvua kwa pamoja, wakiwa wamejipanga nusu duara na kuzamisha vichwa kwa wakati mmoja kama watu wanaorukuu. Kuna korongo wa aina aina, wakiwemo wale weusi ambao midomo yao haifungi katikati, imeumbwa hivyo kwa ajili ya kushika konokono. Kwa mpiga picha, Mtera wakati jua linachomoza hakuna mfano wake katika ukanda huu wote wa kati.

Ila yapo masharti. Barabara inapita upande wa mashariki wa bwawa, kwa hiyo kutoka barabarani unatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na rangi zote zinaonekana. Kuanzia saa 9 alasiri jua liko machoni, na mwari mweupe anageuka kivuli. Septemba huku kwetu jua huchomoza karibu saa 12 na nusu. Hesabu mwenyewe: ukitaka kuwa pale mwanga ukiwa mzuri, uondoke mjini saa 10 alfajiri, au ulale hukohuko, Mtera penyewe au Migori upande wa Iringa. Vyumba ni vya kawaida, vya wasafiri na wafanyabiashara wa samaki. Kuna viboko na mamba, na hili silisemi kwa kunogesha. Usimruhusu mtoto akae ukingoni, na usifuate njia iliyokanyagwa kwenye majani marefu jioni, kwa sababu aliyeikanyaga anaweza kuwa njiani kurudi. Tena, ukuta wa bwawa na mitambo ni eneo la ulinzi. Elekeza darubini majini, si kwenye ukuta, na askari akikuuliza unatazama nini, mpe aangalie. Mimi nimewahi kupata rafiki hivyo. Alimwona furukombe akimnyang'anya mnandi samaki, akasahau alichokuja kuniuliza.

Hombolo haina fahari hiyo. Hakuna miti ya kutisha majini. Kuna mbuzi, kuna wavuvi wanaoshona nyavu, kuna watoto wanaoswaga punda wenye madumu. Lakini unafika kwa muda usiozidi saa moja, unaacha gari Hombolo Bwawani, unatembea, na baada ya dakika 10 uko mbele ya vitwitwi. Nimewahi kukaa kwenye ukingo ule nikiwa na vitwitwi wa aina nne katika upana wa uwanja wa mpira: yule anayetikisa mkia kila anaposimama, kana kwamba mkia una spring, yule mwenye nukta nyeupe mgongoni, wale wadogo kabisa wanaokimbia kama panya, na mrefu wa miguu ya kijani ambaye akishtuka analia mara tatu, tyu-tyu-tyu, na kuwashtua wote. Pembeni yao bata bukini wanagombana kwa kelele kuliko sababu, na kwarara wanachomachoma tope bila kumjali mtu.

Jioni Hombolo ina kitu ambacho Mtera sijakiona hivyo. Karibu na saa 12, kwelea kwelea wanakuja kunywa. Kwanza unaona kama moshi upande wa mashamba. Moshi unainama, unageuka, unashuka, na ghafla una sauti, kama mvua inayokaribia bati la jirani. Wanagusa maji sekunde chache, wanainuka, kundi la nyuma linachukua nafasi yao. Mkulima wa mtama hawezi kukitazama kitu hicho kwa furaha, na ana haki yake: kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi likifika mamilioni, hesabu ni ya magunia kwa magunia. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe alinitazama nikipiga picha, akaniambia, "Hao usiwapige picha, wapige mawe." Mwewe na vipanga wanajua ratiba hiyo kuliko mimi, wanafika robo saa kabla.

Kwa nauli pia Hombolo inashinda. Gari za abiria zipo kila siku, huhitaji kukodi. Agosti na Septemba ndiyo msimu wa pili wa zabibu, unarudi na mfuko. Salamu ni "mbukwa" kwa mmoja na "mbukwenyi" kwa wengi, na ukiitoa kabla ya kutoa darubini, nusu ya maswali inaisha hapo. Kasoro zake? Upepo. Kuanzia saa 4 asubuhi upepo wa Dodoma unakuja tambarare bila kizuizi, vumbi linaingia kwenye vioo, na ndege wanajikunyata. Jumamosi na Jumapili mchana pia kuna watu wengi. Na maji yake, kama ya mabwawa yetu mengi, usiyaingie kwa miguu mitupu. Kichocho hakiangalii kama wewe ni mgeni.

Kwa hiyo kwa asubuhi moja ni Hombolo, wala sihitaji kufikiri. Mtera ni kwa mwenye usiku mmoja wa kulala huko. Mtera ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo baada ya chai ni biashara ya samaki.

Bahi: usiende sasa

Naiweka hapa kwa sababu kila mwaka kuna anayeniuliza, na kwa sababu kwenye ramani ni kishawishi kikubwa. Mashariki ya Manyoni, magharibi ya mji, kilomita 60 tu kwa lami, kuna eneo pana la rangi ya buluu lililoandikwa bwawa.

Nilienda Septemba, mwaka wa kwanza nilipohamia huku. Niliacha barabara, nikaendesha kwa tahadhari kubwa nikiogopa kuzama, nikapita mashamba ya mpunga yaliyovunwa, nikasimama mahali ambapo ramani ilisema niko majini. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande vya ukubwa wa sahani. Ng'ombe kama mia wanapita. Kijana mchungaji akaja, akaegemea fimbo, akatazama viatu vyangu vya mvua. Nikamuuliza maji yako wapi. "Maji? Mzee, maji ni Machi."

Yuko sahihi. Mto Bubu unamwaga Bahi na hauna pa kutokea. Ni sehemu ya lile Bonde la Kati ambalo maji yake hayafiki bahari yoyote. Yanayoingia masika yanakauka palepale. Machi hadi Mei Bahi inaweza kuwashinda wote niliowataja, na mpunga ukiwa majini kuna yangeyange kila tuta. Septemba utapata tandawala ukibahatika, na karani tamba akitembea kwa madaha kwenye nyasi kavu kama ofisa anayekagua. Si haba. Lakini usimpeleke mtu aliyeahidiwa ndege wa majini.

Singidani, kwa ajili ya heroe

Kilomita kama 240 kutoka Dodoma, lami mwanzo hadi mwisho, na ziwa liko mlangoni mwa mji wa Singida. Unashuka basi, unatembea, unafika. Hilo ni jambo la ajabu ukilifikiria: watu wanalipa dola nyingi kwenda kuona heroe, na Singida wanawaona wakienda sokoni. Jirani yake, ziwa Kindai, liko karibu vilevile.

Maji ni ya magadi, na heroe wadogo huishi kwa mwani wa kijani-buluu unaoota kwenye maji ya namna hiyo. Ukimtazama kwa karibu utaona anakula kichwa chini juu. Mdomo umepinduka, sehemu ya juu ndiyo iko chini, na ulimi unasukuma maji kama pampu kupitia vichujio vya ndani. Rangi yake ya waridi inatokana na chakula hichohicho. Kwenye kingo utakuta pia vitwitwi wa safari, na kwenye yale majabali makubwa ya mviringo yanayozunguka ziwa kuna pimbi wanaoota jua. Watoto huwapenda kuliko ndege.

Shida ni moja, nayo ni kubwa: heroe hawana miadi na mtu. Mwani ukipungua, au chumvi ikibadilika, wanaondoka usiku, kundi zima, kwenda Natron, Manyara au kwingineko kwenye bonde la ufa. Nimekuta maelfu, na nimekuta 11. Kabla hujakata tiketi, mpigie mtu aliyeko Singida, yeyote, hata muuza kuku, umuulize kama leo ziwa ni la rangi ya waridi. Akisita, ujue hakuna. Na kama ukienda ukawakosa, kuku wa Singida wanafariji vizuri sana.

Nikiilinganisha na Mtera, safari ya Singida ni ndefu mara mbili na aina za ndege ni chache zaidi. Lakini Singida haihitaji gari binafsi, haihitaji mguu wa tope, haina mamba. Mzee mwenye magoti mabovu au mama mwenye mtoto mgongoni atapata zaidi Singidani.

Mabwawa ya majitaka, na msicheke

Swaswa, hapahapa mjini, kuna mabwawa ya kusafishia majitaka. Najua unachofikiria. Lakini fikiria kama ndege: maji hayakauki hata Oktoba, yana virutubisho tele, nzi hawahesabiki, na hakuna anayevua wala kunywesha ng'ombe. Kitwitwi mwenye nukta nyeupe ambaye Hombolo anakuruhusu mita 40, pale nimemtazama akiwa karibu kiasi cha kuona tope kwenye mdomo wake. Bata wadogo wenye midomo myekundu hushinda humo, na mbayuwayu wanaowasili kutoka Ulaya hukatiza chini kabisa juu ya maji.

Ni eneo la kazi la mamlaka ya maji, kwa hiyo kaombe ruhusa ofisini kwanza, si kwa mlinzi getini. Nenda na viatu vya kufunika, usiguse kitu, usile huko. Watoto wabaki nyumbani. Kama nia yako ni kujifunza kutofautisha vitwitwi, ambao ni somo gumu kuliko yote, saa mbili za pale ni sawa na wiki nzima kwingine. Kama nia ni kumfurahisha mchumba, basi, tumia busara.

Asiyetaka kutoka mjini

Watu wanadharau mji, na hapa nitatetea kidogo. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na baadhi hawapatikani kiasili nchi nyingine yoyote. Mmoja wao anakaa kwenye mbuyu karibu na nyumba yako. Ni cherero, yule kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi, kola ya njano, mdomo mwekundu na duara jeupe linalozunguka jicho kama miwani. Huko nje wanafugwa kwenye vizimba dunia nzima. Hapa wanapita juu ya foleni wakipiga kelele, na hakuna anayeinua kichwa.

Wavizie asubuhi kwenye mibuyu yenye matundu. Ukimwona mmoja ana kipande cha gome mdomoni, simama, usisogee. Anapeleka nyumbani, na atarudi tena na tena kwenye tundu lilelile. Viunga vya Chuo Kikuu cha Dodoma ni pazuri zaidi kwa hili, kwa vile bado kuna vichaka vya asili kati ya majengo. Huko utapata na hondohondo wa mdomo mwekundu, hudihudi, kwale, na wale ndege wa kijivu wenye kishungi ambao mlio wao ni kama mbuzi. Kwenda nje kidogo, kwenye migunga, mtafute kwenzi wa rangi ya majivu mwenye mkia mrefu. Hana mng'ao wa kwenzi wenzake, watu humpita, lakini naye ni wa Tanzania peke yake.

Chinangali na Nyerere Square zinafaa kwa saa moja ya jioni na mtoto: mbayuwayu, chiriku, njiwa, kunguru, mwewe anayezunguka juu ya mabanda ya chakula. Si zaidi ya hapo. Mlimwa ni pazuri kwa ndege wa mawe, ila pale kuna makazi ya wakubwa, na mtu mwenye darubini shingoni Dodoma ana maelezo ya kutoa. Mimi siendi.

Darubini, kwa kifupi

Dukani watakwambia kubwa ndiyo nzuri. Hapana. Kwa upepo wetu, darubini iliyoandikwa 8x42 ni bora kuliko 10x50. Ile 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kadiri unavyokuza ndivyo mtetemeko wa mkono unavyokua. Egemea gari au kisiki. Ukiwa Mtera peke yake ndipo darubini ya miguu mitatu inalipa gharama yake. Kofia, maji lita mbili kwa mtu, na nguo za rangi ya vumbi; baada ya saa moja zote zitakuwa rangi hiyo vilevile.

Jirani alivyorudi

Wiki tatu baadaye nilimwomba jirani aniruhusu nilipe deni. Tuliondoka saa 11 na nusu alfajiri, na saa 12 na nusu tulikuwa Hombolo, jua likichomoza mgongoni kwetu na upepo haujaamka. Mkubwa alikuwa na daftari. Mpaka saa 2 alishaandika aina 23, mbili zikiwa na alama ya kuuliza, na moja ambayo nina hakika alikosea lakini sikumwambia.

Mdogo ndiye aliyeona. Ndege mdogo wa rangi ya mchanga, kifua kama kimepakwa asali, mstari mweusi ukipita jichoni hadi shingoni, aliinuka mbele yetu, akapiga miguu haraka haraka pale alipokuwa amekaa, akakimbia huku ameinamisha kichwa kama mwizi. Huyu si mgeni wa Siberia, ni mwenyeji wa kingo hizi. Tulitazama mahali alipotoka na hatukuona chochote isipokuwa mchanga na vijiti vikavu.

"Amefukia nini?" mtoto akauliza.

"Mayai."

Akanyamaza kidogo. "Anajua atakapoyakuta?"

Tukarudi nyuma hatua 30, tukakaa chini ya mgunga, darubini magotini. Jirani akatoa chupa ya chai. Zilipita kama dakika nne. Ndege akarudi, akakimbia, akasimama, akakimbia tena, akatazama huku na huku, akafika mahali ambapo kwetu hapakuwa na tofauti na pengine popote, akaanza kuchakura.